Mzinga wa Ghorofa ya Sita: Mwanamke Anayetafutwa na Redio

Acheni barua jamani, nimezipata. Kumi na saba kwa wiki moja, na msomaji mmoja wa Tanga ameniita katili kwa kumwacha Corentin kwenye ngazi siku saba nzima, mkate kwapani, moyo ukimdunda. Haya, tumwingize ndani.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nasema kwa kifupi. Corentin Magne, miaka ishirini na mitatu, kijana mwenye haya hata mbele ya paka, alikuwa anarudi na chakula cha mchana kwenye kile chumba cha ghorofa ya sita, pale mtaa wa Abbesses, Paris, anakotengenezea muziki na mwenzake Ludovic Bréhier. Wawili hao ndio kundi la La Ruche, yaani Mzinga wa Nyuki, na mwaka huo wa 1997 wimbo wao mmoja tu ulikuwa umewatoa Waparisi vitini. Mlangoni akamsikia Ludo anaongea kwenye simu na Sablonnet, mkurugenzi wa kampuni ya santuri:

"Sawa, Mkurugenzi. Nitasaini peke yangu. Corentin hana haja ya kujua."

Hapo ndipo nilipowaacha.

Corentin hakuwa mtu wa kupiga milango mateke, lakini siku hiyo aliupiga. Bahati mbaya mlango haukuwa umefungwa, kwa hiyo aliingia mzimamzima, akavuka chumba kwa hatua tatu asizozikusudia, akaangukia lundo la santuri.

"Angalia santuri!" Ludo akapiga kelele.

"Santuri? Unanisaliti halafu unaniambia santuri?"

Ludo akaweka simu chini taratibu. Alikuwa kijana mzuri wa sura, mwenye mdomo usiokaukiwa maneno.

"Umesikia kuanzia wapi?" akauliza.

"Nimesikia unasaini peke yako."

"Kumbe hukusikia mwanzo! Nimekataa mara tatu, Coco. Mara tatu nzima!"

"Na mara ya nne?"

"Mara ya nne nilikuwa na njaa. Wewe umechelewa na mkate."

Corentin alimtazama akitafuta mzaha usoni mwake. Ulikuwepo, lakini chini yake palikuwa na aibu ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomkata maini.

"Sablonnet anasema nini hasa?"

"Anasema bango haliwezi kuuza watu wawili waliojifunika nyavu."

Kila walipopanda jukwaani, vijana hawa walivaa kofia za wafuga nyuki, wavu mpaka mabegani, walizopewa na mjomba wake Ludo. Mara ya kwanza kabisa Corentin alikataa kutoka chooni bila kufunikwa uso, ndiyo ikawa desturi.

"Anataka sura moja," Ludo akaendelea. "Yangu. Si kosa langu kuzaliwa hivi."

"Na wewe ukaona sawa."

"Niliona sawa kwa dakika moja tu! Nilipoweka simu nikaona si sawa. Wewe umeingia katikati ya dakika yangu mbaya kabisa ya mwaka huu."

"Basi mpigie umwambie hapana."

"Alisema anatoka ofisini papo hapo. Anakuja hapa saa tisa na mkataba. Nitamwambia hapana machoni pake, naapa. Tena nimefanya makusudi apande kwanza ngazi mia moja na nne."

Corentin hakucheka. Alichokuwa nacho duniani ni chumba hiki, masikio yake, na huyu mpumbavu aliyekuwa anajikuna shingo mbele yake. La Ruche ikibaki mtu mmoja, mtu huyo hatakuwa yeye. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na miaka minne alikuwa akiogopa siku ambayo wengine nao watalijua.

Akaisogelea mashine ya kunasia sauti.

"Coco," Ludo akasema, "usiguse."

"Leo sijatumia mkasi wangu."

Ngoja niwaeleze mkasi, maana bila huo hamtaelewa alichofanya. Mwaka wao wa kwanza, wawili hawa waligombana siku kumi na moja kwa ajili ya mlio mmoja wa matoazi. Siku ya kumi na mbili wakawekeana sheria: kila siku, kila mmoja ana haki ya kufuta kitu kimoja kwenye wimbo, chochote kile, bila kueleza sababu. Mwenzake haruhusiwi kununa, na kilichofutwa leo hakirudi mpaka kesho. Waliuita mkasi. Nyimbo zao zilikuwa tamu kwa sababu hiyo, kwani kila kilichobaki ndani yake kilikuwa kimeponea chupuchupu.

Corentin akabonyeza kitufe. Akafuta sauti ya mwanamke.

"Sauti?" Ludo akashika kichwa kwa mikono miwili. "Umefuta SAUTI?"

Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa wimbo wenyewe. Corentin aliikuta kwenye soko la mitumba kule Montreuil, ndani ya sanduku, chini ya pasi mbovu, kwenye santuri isiyo na kava na iliyobanduliwa karatasi ya katikati. Akaisikiliza kidogo, akachomoa sekunde nne tu, mwanamke akiimba "nisubiri, naja, nisubiri". Ludo akazipitisha kwenye kichujio chake, kile kitufe anachokizungusha kwa vidole viwili huku kafumba macho. Mwanamke akawa anaanza kama yuko chumba cha jirani, ukuta katikati, anasogea, anasogea, mpaka ghafla yumo humu humu na watu wanapiga mayowe. Redio zote zilikuwa zinamtafuta mwanamke huyo. Hakuna aliyemjua.

"Sablonnet anafika saa tisa," Ludo akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia. "Kanda zinazopigwa mjini ni nakala chakavu. Wimbo wenyewe, safi, wa kuchapisha, ulikuwa humu. Tukiwa nao tunambana: majina mawili au hapati kitu. Tusipokuwa nao, atacheka kutoka hapa mpaka mtaani. Kaka, umetunyonga wote wawili!"

"Sheria inasema huruhusiwi kununa."

"Sinuni! Nakufa tu!"

Hasira ilianza kumtoka Corentin na woga ukachukua nafasi yake. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane.

"Tunaweza kukata kipande kingine," akasema polepole. "Santuri ile ile, mwimbaji yule yule, maneno mengine. Sheria haikatazi."

Ludo akamtazama kama mtu aliyeona maji jangwani. "Ndiyo maana nakupenda, mshenzi wewe. Leta mkate."

Walikula wamesimama. Waliiweka santuri kwenye mashine, wakafungua dirisha kwa ajili ya joto, wakapandisha sauti ya spika kubwa mpaka vikombe vikaanza kutembea mezani. Hawakuwa wamewahi kuisikiliza santuri ile tangu mwanzo hadi mwisho. Wao walikwenda moja kwa moja kwenye zile sekunde nne, wakaridhika.

Dakika ya kumi mlango ukagongwa kwa mpini wa fagio.

Alikuwa Bi Teixeira, msimamizi wa jengo, mjane wa Kireno aliyelitawala jengo lile kutoka chumba chake cha chini kwa miaka kumi na tano. Wapangaji walilipa kodi kwa mwenye nyumba, lakini waliyemwogopa ni yeye.

"Nyie watoto hamna adabu!"

"Samahani, Bi Teixeira, tunapunguza sauti sasa hivi."

"Nani kasema sauti? Sauti iongezeni! Nauliza, mnamkimbiza wapi huyo maskini? Wimbo huo ni wa polepole!"

Vijana wakatazamana.

"Bi Teixeira," Ludo akasema kwa upole wa mtaalamu, "hii ni santuri ya mizunguko arobaini na mitano kwa dakika. Santuri za disko za ukubwa huu, kwa kawaida..."

"Mwanangu, wimbo huu nimeucheza na marehemu mume wangu wakati wewe unakojoa kitandani. Pisha."

Akavuka chumba, fagio mkononi, akasukuma kile kidude cha kubadili mwendo kutoka arobaini na tano kwenda thelathini na tatu.

Sauti ya mwanamke ikashuka. Ikashuka tena. Ikaota ndevu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Nyembamba kidogo, tamu sana, ya kijana aliyefungua vifungo vinne vya shati, lakini mwanamume kabisa kabisa. "Nisubiri," akaimba bila haraka, "naja, nisubiri."

Kule mjini vijana hawa walikuwa wanajulikana kwa masikio. Ludo aliwahi kumwambia mwandishi wa gazeti kwamba Corentin anaweza kusikia santuri yenye mkwaruzo ikiwa bado ndani ya kava. Na miezi minane walikuwa wamekaa na mtu huyu chumbani wakimpigia kwa mwendo usio wake.

"Ni mwanamume," Corentin akanong'ona.

"Ndiyo ni mwanamume! Ni Ricky Malibu!" Bi Teixeira akasema, na mashavu yake yakapata rangi. "Nilikuwa mshika makoti kwenye ukumbi wa disko mwaka wa sabini na nane. Alikuja akaimba mara mbili. Ngojeni hapo hapo, ninayo yangu, na kava lake."

Akashuka ghorofa sita. Walimsikia anaimba njia nzima.

"Hatumwambii mtu," Ludo akasema.

"Hatumwambii mtu."

"Redio ilitangaza zawadi kwa atakayempata huyo bibie, Coco."

"Nyamaza, nakuomba."

Bi Teixeira akarudi akihema, amekumbatia kava kifuani, akaliweka mezani. Mwanamume kwenye picha alikuwa amevaa suruali ya dhahabu iliyombana mpaka mtu unamwonea huruma, shati wazi, nywele zimetimka, kasuku begani. Jina lake limeandikwa kwa taa. Enzi hizo kila Mfaransa aliyeimba disko alijipa jina la Kimarekani, na huyu alikuwa amejipa kubwa.

Ludo ndiye aliyeanza kuinama karibu na picha.

"Itazame hiyo pua."

"Naiona."

"Coco, hiyo pua."

"Naiona, Ludo!"

"Hiyo pua inapanda ngazi zetu saa tisa."

Ilikuwa kweli. Ondoa nywele, ondoa kasuku, ongeza miaka kumi na tisa na suti ya kijivu: Ricky Malibu alikuwa Bwana Hubert Sablonnet, mkurugenzi wa kampuni ya santuri, yule yule aliyesema kwenye televisheni kwamba disko ilikuwa muziki wa wasusi waliolewa.

Walianza kucheka pole pole. Kwanza puani, kisha mabegani. Corentin akajaribu kujizuia akamtazama Ludo, na hilo ndilo lilikuwa kosa, wote wawili wakaenda chini. Walikuwa bado wamelala kwenye zulia, wameshikana mikono, machozi yanawatoka, Bi Teixeira anawauliza kama wamekula kitu kibaya, waliposikia viatu kwenye ngazi. Viatu vya gharama. Saa ilikuwa nane na nusu.

"Kaja mapema!" Ludo akasema. "Coco, siwezi kumtazama usoni. Nitakufa mbele yake."

"Vaa wavu!"

Wakavamia kofia za nyuki. Bi Teixeira, ambaye hakuelewa kitu lakini hakutaka kukosa, akajibanza nyuma ya pazia la nguo akiwa na kava lake.

Bwana Sablonnet aliingia bila kubisha, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kubishia. Akashika kizingiti. Pua ilitangulia.

"Mnaishi na njiwa huku?" akahema. Akawaona. "Hata nyumbani mnavaa hizo?"

"Tunafanya mazoezi," Corentin akasema.

Ludo aliiona ile pua kwa karibu, akageukia ukutani. Mabega yake yakaanza kutikisika vibaya sana. Kimo chao kilikuwa kimoja na nyavu zilifanana, na Mkurugenzi, akimwona mmoja kasimama wima na mwingine anatikisika kwenye kona, akajumlisha kwa namna yake.

"Ah," akasema kwa sauti ya chini. "Keshaambiwa. Analia."

Akamshika Corentin bega.

"Umefanya la busara, Ludovic kijana wangu. Machozi yataisha. Mkataba huu hapa, jina lako peke yako."

Corentin alifungua mdomo kusahihisha, kisha akaufunga. Kitu fulani kilimtaka asikilize.

"Lakini muziki," akasema, akijaribu kuongea kwa madaha ya Ludo. "Yeye ndiye anayetafuta sauti."

"Anatafuta nini? Anabeba masanduku! Yule anaonekana kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Siku mlipokuja ofisini nilimpa koti langu." Mkurugenzi akacheka kidogo. "Akalitundika."

Kweli alilitundika. Lilikuwa la kijivu, zito, lina harufu ya sigara za bei mbaya, na Corentin alilitafutia hanga nzuri akaliweka sawa mabega. Iliuma. Iliuma kuliko mkataba, kwa sababu Mkurugenzi hakuwa anamtukana, alikuwa anaeleza tu alichokiona. Kule kwenye kona Ludo aliacha kucheka.

Corentin akaenda kwenye mashine, akashusha sindano. Thelathini na tatu.

Ngoma zikaingia, kisha vinubi, kisha besi. Bwana Sablonnet alitabasamu kwa adabu kama mtu aliyeletewa chakula asichokipenda. Halafu tabasamu likasimama. Mkono wenye mkataba ukashuka. Mguu wake wa kulia ukaanza kugonga sakafu bila ruhusa yake, na sauti ilipofika, midomo yake ilikuwa imeshatangulia.

"Nisubiri," midomo ikasema.

"RICKY!" Pazia likafunguka. Bi Teixeira alitoka kama aliyeitwa jukwaani. "Ni wewe! Mama wee, ni wewe, umenenepa lakini ni wewe!"

"Bibi, sijui unazungumzia nini."

"Pua, Mkurugenzi," Ludo akasema, akivua wavu, macho mekundu kwa kicheko. "Imekushitaki pua."

Sablonnet akamtazama Ludo. Akamtazama mtu aliyekuwa anaongea naye. Corentin naye akavua wavu wake taratibu.

"Koti lilikuwa la kijivu," Corentin akasema.

Wimbo ukamaliza ubeti. Mkurugenzi akakaa kwenye kitanda, juu ya ganda la jibini.

"Mmeipata wapi?" akauliza. "Nilizinunua zote zilizobaki. Nilizibandua karatasi kwa mkono wangu mwenyewe, nikalipa mtu akazitupe."

"Basi mtu wako kaziuza Montreuil," Ludo akasema kwa raha zake zote. Akavuta kiti, akakaa kinyumenyume, akamkabili. "Sasa sikiliza, Mkurugenzi. Mwanamke anayetafutwa na redio zote za Paris ni wewe. Kwenye mkataba yaandikwe majina mawili, Bréhier na Magne, la sivyo nanyanyua simu hii, na Jumatatu kila msusi wa mji huu atakuwa anajua."

Corentin alimpenda sana wakati ule. Alimsamehe yote, simu, njaa, dakika mbaya, yote.

Lakini Sablonnet hakufika kuwa mkurugenzi kwa kuogopa vijana. Akatoa leso, akafuta paji la uso, na macho yake yakarudi kuwa ya ofisini.

"Sauti ni ya nani?" akauliza.

Ludo akatazama santuri inavyozunguka.

"Nauliza, sauti kwenye wimbo wenu ni ya nani?"

"Yako," Corentin akajibu.

"Yangu. Bila ridhaa yangu, iliyoandikwa na kutiwa saini, wimbo huo hautoki. Hautoki kwangu, hautoki kwa kampuni nyingine yoyote. Haya, piga simu redio. Mimi watanicheka wiki mbili. Nyinyi mtarudi kupiga kwenye harusi za binamu zenu."

Mkono wa Ludo ukaondoka kwenye simu wenyewe.

Bi Teixeira, ambaye mambo ya saini za kampuni hayakumhusu, alikuwa amesogea mpaka kitandani. Akamwekea Mkurugenzi kava mapajani, akampa kalamu.

"Hapa," akasema, akionyesha kifua kilichokuwa wazi kwenye picha. "Andika kwa Conceição. Nilikushikia koti mara mbili, hukumbuki. Usiku wa pili ulinipa ua."

Sablonnet alilitazama lile kava muda mrefu. Akagusa kasuku kwa kidole. Wasomaji wangu, nawaambia nilivyoambiwa: yule mtu mgumu alivuta kamasi.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "hakuna aliyeniita Ricky."

Akasaini. Akasaini kwa mikogo, na nyota chini ya jina. Kisha akainua kichwa, na aliyemtazama hakuwa Bi Teixeira wala Ludo.

"Kanda yenu nimeisikiliza mara arobaini. Ndani ya gari, peke yangu. Nilidhani nimempenda huyo mwanamke." Akacheka kwa uchungu. "Nilishaanza kunyoa ndevu mara mbili kwa siku. Nani kati yenu alinikuta?"

"Yeye," Ludo akasema, akimwonyesha Corentin. Alisema kwa fahari. Kumbukeni hilo mtakapotaka kumhukumu mtu.

"Kwenye sanduku," Corentin akasema. "Chini ya pasi."

"Ulisikiliza ngapi siku hiyo?"

"Santuri mia mbili na kitu."

"Ukanichagua mimi."

"Ulikuwa mzuri kuliko wote," Corentin akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu, kwa hiyo haya zake zote zikarudi kwa pamoja akatazama viatu.

Sablonnet akasimama. Alikuwa mtu mwingine, mgongo umenyooka, kiuno kimekumbuka kazi. Akauweka mkataba mezani. Kwa kalamu ile ile ya Bi Teixeira akakata jina la Ludovic Bréhier kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika jina jingine, kwa herufi kubwa nzuri. Akaugeuza ili Corentin ausome.

"Ridhaa natoa. Wimbo unatoka. Lakini jina ni moja, na ni hili. Nimekuwa kipofu, huyu mwenzako anazungusha kitufe, wewe ndiye unayesikia. Jumamosi kampuni ina hafla, mji wote utakuwepo, na Ricky Malibu ataimba. Nyuma yangu nataka mtu mmoja tu. Wewe, bila wavu."

Ludo akapasuka kicheko. Alicheka kwa moyo mweupe, akaegemea ukuta, akajipiga paja. Kwake jambo hilo lilikuwa mzaha bora kuliko yote ya siku ile, na jibu lake lilijulikana na kila mtu chumbani.

"Coco! Umesikia? Wewe, bila wavu! Mwambie, kaka. Mwambie aende zake, mwambie taratibu asije akaanguka kwenye ngazi."

Corentin hakumwambia.

Alikuwa anatazama karatasi. Miaka ishirini na mitatu, na jina lake lilikuwa halijawahi kuandikwa mahali popote likiwa peke yake, kubwa namna ile, na mtu aliyejua anaandika nini. Alisubiri ile hapana ije. Alijua ilivyo, alikuwa tayari kuitoa. Haikuja.

"Coco?" Ludo akasema. Kicheko kilikuwa bado kimo usoni mwake, lakini hakikuwa na kazi tena.

Corentin akamgeukia Mkurugenzi.

"Jumamosi saa ngapi?"